Toleo la Kwanza la Mguu wa Mama Mwende

Wewe unayekalia sasa kile kiti changu cha ofisini chenye magurudumu, mkono mmoja kwenye kipanya na mwingine kwenye kikombe cha chai, weka kikombe chini kidogo unisikilize. Nimestaafu, kwa hiyo mimi sina haraka, lakini najua wewe una mtu anayekusubiri kwenye benchi pale nje, na mtu huyo ana mguu mmoja. Nitajaribu kutokuzungusha.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza miguu bandia. Karakana yetu ilikuwa Upper Hill, nyuma ya jengo refu la vioo. Watu wa benki waliingia kwa mlango wa mbele, wa kwetu wakapitia kando, kwenye njia ya mteremko ambayo ilibidi tupiganie miaka mingi kabla haijawekwa mahali pa kushika. Miaka ya mwanzo nilifanya kazi kwa plasta na tupa. Miaka ya mwisho nilifanya kwa kompyuta. Vijana wakiniuliza nini kilikuwa kigumu zaidi, hutarajia niseme ni plasta, kwa sababu ya vumbi na mgongo. Ukweli ni kwamba kigumu zaidi kilikuwa kujifunza kwamba kompyuta husahau.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana pengine umeanza juzi tu. Mguu bandia una vipande vingi: unyayo, bomba, skrubu. Lakini kinachoamua kama mtu atatembea au atausukuma mguu chini ya kitanda ausahau huko ni soketi, kile kikombe kigumu ambamo kigutu huingia. Kigutu, yaani kipande cha mguu kilichobaki baada ya kukatwa, ni nyama na mfupa. Kuna mahali panapokubali kubanwa, kama ile kano iliyo chini ya pia ya goti. Na kuna mahali pasipotaka kuguswa hata kidogo, kama kile kichwa cha mfupa mwembamba kilicho upande wa nje, chini kidogo ya goti. Jipapase mwenyewe utakipata, ni kidude kigumu kama kokwa. Soketi nzuri hubana pale panapokubali na kuacha nafasi pale panapokataa. Siri yote ya kazi iko hapo.

Zamani tulifunga kigutu kwa bendeji ya plasta, tukapata kalibu, tukamimina plasta ndani yake, na kesho yake tukawa na sanamu ya kigutu cha mtu. Tulipotaka soketi ibane, tulipunguza plasta kwa tupa. Tulipotaka iache nafasi, tuliongeza plasta. Wewe unafanya mambo yale yale, ila sanamu yako iko kwenye kioo cha kompyuta, na unaigeuzageuza kama mtu anayemenya kiazi.

Aliyenifundisha tupa ni Mzee Wafula. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, na alikuwa akiniita binti hata nilipokuwa na watoto wa kwenda sekondari. Kabla hajapunguza plasta popote, alichukua msumari akatoboa vitundu vidogo, vya kina kile kile alichotaka kupunguza, akavitia rangi ya penseli ya zambarau ndani. Kisha akanipa tupa. "Piga mpaka zambarau iishe," alisema. "Ikiisha, simama. Usiniambie ulikuwa unataka kulainisha."

Mimi nilitaka kulainisha. Kila anayeanza hutaka, kwa sababu plasta laini inapendeza kuitazama.

Mzee Wafula alikuwa na desturi nyingine, na hiyo ndiyo nataka uishike vizuri. Rafu zetu zilijaa haraka. Kila baada ya muda tulibeba sanamu za zamani nje tukazivunja kwa nyundo, tupate nafasi. Siku yangu ya kwanza ya kuvunja, nilibeba mikono miwili imejaa, naye akanizuia mlangoni.

"Hiyo moja rudisha."

"Ipi, Mzee?"

"Hiyo isiyo na alama za tupa."

Nikaitazama. Ilikuwa mbaya, ina mikunjo ya bendeji, ina alama za zambarau zilizofifia zilizoonyesha mifupa ilipo. "Mwenyewe alishapata miguu mingine baada ya hii," nikasema. "Hii inafanya nini hapa?"

"Inakaa."

"Inakaa tu?"

"Binti, hizo nyingine zote ni maoni yetu. Hiyo ndiyo yeye, kabla hatujamshika. Siku akirudi na shida, utamuuliza nani?"

Basi ikawa sheria ya karakana. Kwa kila mtu tulimimina sanamu mbili, moja ya kufanyia kazi na moja ya kukaa. Ile ya kukaa haikuvunjwa. Tulikuwa na rafu nzima ya vigutu vibichi kule nyuma, na mgeni akiingia bila kuonywa alishtuka. Mfagiaji mmoja alikataa kabisa kufagia upande ule.

Kisha kompyuta ikaja, Mzee Wafula akawa amestaafu, na ile rafu tukaibomoa. Nilikuwepo. Nilisaidia kubeba. Hakuna aliyeona tatizo, kwa sababu tuliambiwa kompyuta haijai, na tulielewa kwamba kisichojaa hakipotezi kitu.

Sasa tuzungumze juu ya kutendua. Unajua ninachosema: vidole viwili kwenye kibodi, na ulichokifanya punde kinafutika. Bonyeza tena, kinafutika kilichotangulia. Mara ya kwanza Kilonzo aliponionyesha, nilicheka kwa sauti mpaka mtu wa mapokezi akaja kuchungulia. Kilonzo ndiye aliyeleta ujuzi wa kompyuta kwetu. Alikuwa amesoma, ana mkono mwepesi, na moyo wake ulikuwa kwa wagonjwa. Leo yeye ndiye mkuu wa karakana, na haya nitakayosimulia kumhusu amenipa ruhusa mwenyewe. Aliniambia, "Madam, wasimulie. Tena usinipake mafuta."

Baada ya miaka ya tupa, kutendua kulikuwa kama kurudishiwa plasta iliyoanguka sakafuni. Ukikosea, unarudi. Na mtu anayejua anaweza kurudi hufanya kazi bila woga, na hilo ni jambo jema. Nakutaka ufanye kazi bila woga. Lakini kutendua kuna tabia zake, na lazima uzijue kama unavyojua tabia za mwenzako wa zamu.

Ya kwanza, kunakumbuka kwa muda ambao faili iko wazi tu. Ukifunga faili, au stima ikipotea, orodha yote ya hatua zako imekwenda. Kesho ukifungua utakuta umbo la mwisho tu. Njia uliyopitia kufika pale haipo.

Ya pili ni ya hila zaidi. Tuseme umefanya hatua nyingi, ukarudi nyuma nyingi, ukasimama hapo ukafanya badiliko moja dogo. Zile hatua ulizokuwa umezitendua, ambazo ulifikiri zinakungoja mbele, zinafutika zote wakati huo huo. Umechukua njia nyingine, na ile ya kwanza imezibwa nyuma yako. Nimeona fundi mzuri akipoteza kazi ya asubuhi nzima hivyo, kwa kugusa mara moja tu.

Kwa hiyo kutendua ni kwa makosa ya dakika hii. Kwa makosa ya wiki iliyopita unahitaji matoleo: faili kadhaa za mguu mmoja, kila moja na jina lake, kila moja imekaa kama ilivyokuwa.

Tulikuwa na matoleo, ndiyo. Ila majina! Kulikuwa na bwana mmoja wa Kitisuru, mstaafu, mtu wa tai na fimbo yenye kichwa cha shaba, ambaye kila soketi mpya tuliyompa ilimuudhi zaidi ya iliyotangulia. Siku moja akaketi akasema anataka ile ya mwanzo kabisa. Kilonzo akafungua folda yake, na yule bwana, ambaye macho yake yalikuwa mazima kuliko tulivyodhani, akasoma juu ya bega lake: mwisho. Mwisho kabisa. Mwisho kweli. Mwisho hii sasa.

"Kijana," akasema, "katika hii miisho yenu yote, mimi nimeishia wapi?"

Tulicheka, yeye pia akacheka, tukampima upya na mambo yakaisha salama. Labda ingekuwa afadhali yasingeisha salama hivyo. Tungejifunza kwa bei nafuu.

Maana baada ya hapo ndipo alipokuja Mama Mwende.

Alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa Kinoo, upande ule wa barabara unaoshuka. Sukari ilikuwa imemla mguu mpaka ukakatwa chini ya goti, na sisi ndio tuliomtengenezea mguu wa kwanza. Ule mguu ulimkubali. Alirudi kusimama nyuma ya kiti chake, akasuka watu, akawa anapita karakana kutusalimia hata asipokuwa na shida. Aliniita daktari. Nikimwambia mimi si daktari alijibu, "Wewe ndiye unanishikanga mguu. Yule daktari mwingine anaushika na macho."

Kigutu hupungua kadiri miaka inavyokwenda, nyama inakauka. Alianza kuvaa soksi juu ya soksi ili soketi isilegee, mpaka soksi zikawa nyingi mno, na ikawa wakati wa soketi mpya. Kilonzo akambandika vibandiko vidogo kwenye mifupa, kama inavyotakiwa, ili ile mifupa ionekane kwenye kioo. Akapitisha skana. Akafungua folda ya Mama Mwende, ambamo mlikuwa na faili moja yenye jina lake, akaihifadhi picha mpya kwa jina lile lile. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Akajibu ndiyo. Ile ya mguu wa kwanza ikafutika.

Kisha akafanya lile ambalo ni sisi tu, watu wa kazi hii, tunaoweza kulifanya kwa nia njema kabisa. Picha ya skana huja na mikwaruzo na vinundu, kama plasta yenye mikunjo ya bendeji. Kuna chombo cha kulainisha. Akapitisha kile chombo kigutu kizima, kikawa kizuri kama yai, akahifadhi. Vile vinundu vingine vilikuwa vibandiko vyake mwenyewe. Alama za mifupa zilikwenda pamoja na mikwaruzo. Kuanzia hapo, kichwa cha ule mfupa mwembamba alikuwa anakikisia.

Mama Mwende alirudi akasema, "Daktari, hii mguu mpya inaringa."

"Inaringaje?"

"Haitaki kusimama na mimi. Ile ingine tulikuwa tunaelewana."

Kilonzo akarekebisha hapa, akahifadhi juu ya ile. Mama Mwende akarudi tena, tukarekebisha pale, Kilonzo akahifadhi juu ya ile. Kila tulipotengeneza upande mmoja tulikuwa tunaharibu mwingine, na hatukujua, kwa kuwa hakukuwa na la jana la kulinganisha na la leo. Na kumbuka ni mtu wa sukari. Ngozi yake ilikuwa imepoteza hisia nyingi. Mahali ambapo wewe ungepiga kelele, yeye alisikia kitu kama kuwashwa. Alipokuja mara ya mwisho na nikavua ile soksi, palikuwa na kidonda upande wa nje, chini ya goti, mviringo, kimeingia ndani.

Nilimpeleka kliniki siku hiyo hiyo. Alirudi kwetu na magongo, bila mguu, akaketi kwenye benchi, akajipangusa jasho.

"Daktari wa kliniki amesema nisivae mpaka kifunge," akasema. "Amesema pia kikikataa kufunga, ama nikivaa tena kifunguke, watakata juu ya goti."

Mtu aliyekatwa chini ya goti hupanda ngazi, huinama, huinuka kwenye kiti. Ukimwondolea goti, kila hatua yake inakuwa kazi mpya, na kwa umri wake na sukari yake, wengi hawarudi kusimama siku nzima. Sisi wote tuliokuwa pale tulilijua hilo. Yeye pia alilijua.

"Kilonzo," akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, "mwana wa nyumbani. Nirudishieni tu ile ya kwanza. Si mko na kompyuta?"

Kilonzo akaenda kwenye kompyuta. Nikamfuata. Akafungua faili, akabonyeza kutendua. Alama yake ilikuwa imefifia, haibonyezeki. Akabonyeza tena.

"Ile ya kwanza uliiweka wapi?" nikamuuliza.

"Juu yake."

"Juu ya nini?"

"Juu yake yenyewe, madam. Niliambia mashine ndiyo." Akageuza kiti akanitazama, macho mekundu. "Na lile povu gumu mashine ilichonga kwa umbo lake, tulitupa. Hakuna kitu. Hii kitu imeenda kabisa."

Nikamwambia ukweli, kwamba hata kama ingekuwepo, mguu wake si ule tena, nyama imepungua, soketi ya zamani isingemtosha. Hatukuihitaji ili tumvalishe. Tulihitaji ituambie mfupa uko wapi. Nyama hupungua, lakini mfupa hauhami: kutoka kwenye ile kano ya chini ya goti mpaka kichwa cha mfupa mwembamba ni kipimo kile kile alichokuwa nacho siku alipokatwa. Soketi ya kwanza ilikuwa na kishimo mahali sahihi, ndiyo maana ilimkubali. Na kumpima upya hatukuweza. Mahali penyewe palikuwa pamevimba na pamefungwa bendeji. Ningeweka kidole wapi?

Kilonzo akawaza, kisha akarudi kwenye benchi, akachutama mbele yake. Kuchutama kwake kulikuwa kwa mtu anayeomba.

"Mama, ile mguu ya kwanza yenyewe. Soketi yake. Ulitupa?"

Mama Mwende akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu. "Nitupe kitu nililipia? Iko saluni. Inashika vitana."

Tulikwenda Kinoo mchana ule ule, mimi na Kilonzo na yeye. Ilikuwa juu ya meza ya kioo, imesimamishwa kwenye mkebe wa rangi, imejaa vitana na vibanio na kitana kimoja cha mkia kilichovunjika meno. Msichana aliyekuwa akisukwa aliuliza ile ni nini, akaambiwa ni mguu, akacheka akidhani anataniwa.

Tukaibeba, tukarudi naye karakana. Skana haioni vizuri ndani ya shimo refu na jeusi. Kilonzo alijaribu, picha ikaja imetobokatoboka kama wavu. Basi tukarudi kwenye plasta. Tulikuwa bado na gunia moja kule stoo, kwa ajili ya ukarabati. Ukipaka sabuni ndani ya soketi, ukasimamisha bomba katikati, ukamimina plasta, ikikauka unabana bomba kwenye jiliwa na kuvuta, unapata sanamu ya kile kilichokuwa ndani. Shida ni kwamba soketi ikiwa na kishimo kirefu, plasta hunasa humo. Na sisi tulikuwa tunatafuta kishimo.

Nilimwambia Mama Mwende wazi, kabla hatujamimina. "Ikinasa, itabidi tuikate soketi. Na hiyo ndiyo pekee iliyobaki. Tukiikata vibaya, tumepoteza na hiyo."

Alikuwa ameikumbatia mapajani. Kisha akatoa kitana cha mwisho kilichobaki ndani, akakitia mfukoni.

"Kateni," akasema. "Vitana nitaweka kwa mkebe."

Ikanasa. Nilivuta, Kilonzo akavuta, tukavuta pamoja mguu umekanyaga ukuta. Haikutoka. Nikachukua msumeno wa duara, ule wa kukatia plasta ya mifupa, na nikachora mstari upande wa ndani, mbali kabisa na kishimo tulichokitaka. Nimekata soketi nyingi maishani. Hiyo niliikata polepole kuliko zote, kwa sababu msumeno hauna kutendua, na Kilonzo aliishika kwa mikono miwili kama mtoto anayenyolewa kwa mara ya kwanza. Ikafunguka. Ndani yake, nyeupe, imelowa sabuni, ilikuwa sanamu ya kigutu cha kwanza cha Mama Mwende, na upande wa nje palikuwa na nundu safi, mahali ambapo soketi iliachia mfupa nafasi.

Kilonzo akaiskani papo hapo. Na kabla hajaigeuza hata mara moja kwenye kioo, kabla hajalainisha chochote, alifanya nakala. Akaiita jina la Mama Mwende, tarehe, na neno asili. Akaifunga isiandikwe juu yake. Akatoa nakala nyingine akaiweka kwenye diski tofauti, akanipa mkononi. Nilimkumbuka Mzee Wafula pale mlangoni.

Ndipo tukaweka umbo la kwanza juu ya umbo la sasa, yote mawili kwenye kioo kimoja, tukayalinganisha kwenye ile kano ya chini ya goti. Kompyuta hupaka rangi mahali yanapotofautiana. Karibu kila mahali palikuwa rangi ya upole, ya nyama iliyopungua. Upande wa nje palikuwa pekundu. Kishimo chetu kipya kilikuwa juu ya mfupa kwa upana wa kidole. Tuliacha nafasi nzuri sana, kwa ajili ya nyama isiyoihitaji, na chini yake tukaukandamiza mfupa kwenye ukuta. Kila marekebisho tuliyoyafanya baadaye yalikuwa yanapanua kishimo kilichokaa pasipo pake.

Kilonzo aliitazama ile nyekundu kwa muda. "Madam, ni kidole kimoja tu," akasema.

"Ndiyo."

"Kidole kimoja na anakatwa juu."

"Bado hajakatwa," nikamwambia. "Anza."

Kidonda kilichukua muda wake. Kulikuwa na majuma ambayo kilikuwa kinafunga na majuma ambayo kilikuwa kinatudanganya. Yeye alisuka akiwa ameketi, kwenye kiti kirefu cha baa alichoazimwa na jirani, na wateja walikaa chini kwenye mto. Sisi tulifanya kazi yetu kwa namna mpya. Badiliko moja, toleo moja. Kwenye jina la kila toleo tuliandika kilichobadilika, na Kilonzo akajizoeza kukitamka kwa sauti kabla hajagusa kipanya: "Nashusha kishimo cha nje." "Nabana kidogo nyuma." Wengine walimcheka, wakamuuliza anazungumza na nani. Lakini kama huwezi kukisema, hujakiamua.

Na toleo lililoshindwa hatukulifuta. Hili nakuomba ulielewe, kwa maana mkono wako utatamani kufuta. Lile jekundu bado liko kwenye folda ya Mama Mwende, limeandikwa: kishimo juu mno, lilileta kidonda. Fundi atakayemhudumia wakati wewe na mimi hatupo, akijaribiwa kukipandisha kishimo, atalikuta pale njiani.

Kidonda kilipofunga, tulitengeneza kwanza soketi ya majaribio, ya plastiki inayopitisha mwanga, ili tuone ngozi ndani. Ngozi inayobanwa hugeuka nyeupe. Alisimama kati ya zile nondo mbili za kushikia, sisi wawili tumepiga magoti, pua zetu karibu na kigutu chake.

"Mnaomba ama mnaangalia?" akauliza.

"Yote," Kilonzo akasema.

Upande wa nje ngozi ilikuwa na rangi yake. Akahamisha uzito wake wote upande ule, akatulia. Akaachilia nondo moja, kisha ya pili.

Nilistaafu si muda mrefu baada ya hapo. Nywele zangu husukwa Kinoo. Mama Mwende hunisuka akiwa amesimama, hunivuta kichwa pasipo huruma, na kila akimaliza upande mmoja huzunguka kiti kwa hatua zake mwenyewe kwenda upande wa pili, na mimi huzisikiliza zile hatua kuliko ninavyosikiliza hadithi zake. Ile soketi iliyokatwa aliidai. Ameifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, imesimama palepale mezani, na vitana vimerudi ndani yake. Kishimo cha upande wa nje kinaonekana vizuri ukiketi kwenye kiti cha wateja.

Sasa rudi kwa yule anayekusubiri kwenye benchi. Mwite kwa jina lake, mpapase mifupa, mbandike alama, mpitishe skana. Kisha, kabla hujalainisha wala kugusa popote, hifadhi ile picha kama ilivyo, iite jina lake na tarehe na neno asili, ifunge isiandikwe juu yake, weka nakala yake kwenye diski nyingine, halafu fungua faili mpya uanze kazi.